Safu ya Saba

Kikao cha tisa, Moshi, chumba cha juu.
Feni inazunguka kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.
Mimi ni Eliaichi, mwandika kumbukumbu;
kazi yangu ni kuufanya mto ukae kwenye karatasi.

Lumi unazaliwa kwetu, huko Rombo migombani,
unavuka kwenda Taveta bila kugongewa muhuri,
unashuka Jipe,
na Jipe nusu yake ni yetu tena.
Kwenye ramani mpaka ni wino mwekundu
uliopasua ziwa katikati.
Viboko, nadhani, hawajaarifiwa.

Asubuhi nzima tumebishania vipimo.
Sisi tunahesabu kwa sekunde, wao kwa siku.
Kipimo chetu kilisombwa na masika,
chao kiling'olewa, kikauzwa chuma chakavu.
Kwa hiyo tunagawana, kwa heshima kubwa,
mto ambao hakuna aliyeupima.

"Mnaufunga huko juu," anasema Mruttu wa Taveta.
"Mvua ndiyo iliyofunga," anajibu mhandisi Kirenga.
Naandika: Wajumbe walibadilishana mawazo.

Saa ya chai Mruttu ananionyesha simu yake:
ngege wawili, wembamba kama soli za kandambili.
"Wa Jipe. Upande wenu au wetu,
sikuwauliza."

Kisha jedwali.
Safu ya kwanza mvua, ya pili chemchemi, tunateremka
hadi ya saba: maji yasiyojulikana yaendako.
Hapo wote wanainama.
Kirenga anataja uvukizi. Mwingine anasingizia miamba,
eti inakunywa.
Kalamu yangu imesimama.

Kwa sababu najua.
Najua saa nane usiku mama yangu, Ndelianarua,
khanga kiunoni, jembe begani, tochi mdomoni,
anaufuata mfongo siku isiyo zamu yake.
Anachomoa jiwe moja na kizibo cha majani ya mgomba,
na maji yanageuka kumfuata
kama mbuzi aliyemzoea.
Kabla ya jogoo jiwe limerudi mahali pake.
Jumapili anatoa sadaka, kwa mkono uleule.
Kwa maji hayo nilishonewa sare,
kwa maji hayo nikajifunza
kuliandika neno uvukizi bila kukosea.

Na huko chini, Jipe, dada yake wa tumbo moja
anasukuma mtumbwi kwenye tope lisilofika goti
akiwalaani Wakenya.

Maji hufuata mkondo, faili hufuata muhuri.
Mwenyekiti anatazama saa.
Naandika: Chanzo cha upungufu hakijabainika.
Naandika: Kikao kijacho, Taveta.

Ngazini Mruttu ananipa mkono, kiganja kina nyufa.
"Haya, wasalimie nyumbani. Msalimie mama,"
anasema, kama watu wote wanavyosema tu.

"Zimefika," nikamjibu,
nami nikashuka ngazi mbilimbili.