Vipimo Ulivyoniuliza

Umeniuliza vipimo, Sechelela,
kwa ujumbe wa saa tano usiku, mtandao ukisuasua.
Kipimo changu ni kikombe cha bati kilichong'oka mkono,
unakijua, kile cha kuchotea maji ya kunawa.

Mtama mweupe, wa punje ndogo, kutoka Majengo sokoni.
Sufuria kavu, mfuniko, moto mkali;
ukisikia unagombana na mfuniko, tikisa.
Bisi zikifika vikombe vitatu, basi.
Punje zilizogoma kupasuka usizilaumu,
wape kuku.

Karanga, kikombe na nusu, na ile nusu haina ulinzi:
nimeuona mkono wa Ndahani ukipitapita.
Zikaange mpaka ganda lilegee, zisugue kwa viganja,
kisha toka nje na ungo.
Huku Miyuji hatuna haja ya kupuliza.
Upepo wa Agosti unakuja wenyewe, na vumbi lake,
unayazoa maganda yote mekundu
na kuyapeleka kwa mama Chilewa
aliyeanika sare nyeupe za kwaya.

(Hilo nitalirudia.)

Ufuta, kiganja. Alizeti, viganja viwili;
usinunue iliyomenywa, ghali bure.
Wape watoto jioni umeme ukikatika:
watamenya na kula, sawa kwa sawa.

Asali ni ya Itigi, nyeusi, yenye harufu ya moshi,
ndani ya chupa iliyowahi kuwa ya kitu kingine,
usiinuse mno.
Ipashe pamoja na mafuta kidogo.
Ikianza povu, epua. Asali haichemshwi kama maharage.
Mimina, changanya kwa mwiko, kila punje ipate chake.

Oveni sina.
Sufuria kubwa, mchanga chini, sinia juu ya mchanga,
makaa machache jikoni, mengi juu ya mfuniko,
kama tulivyooka keki ya kipaimara chako.
Hapo usiende popote. Simu ikilia, iache ilie.
Mara ya kwanza nilitoka kumlipa mtu wa maji,
nikarudi nikakuta makaa juu, makaa chini,
na makaa katikati.

Ikifika rangi ya tofali lililoiva,
si lile la pembeni mwa tanuru, ipua.
Acha ipoe. Usiikoroge.
Hapa ndipo mimi hushindwa, vidole vinawasha;
lakini kinachotaka kushikana
kinataka kuachwa.

Zabibu mwisho kabisa. Ni zile za Hombolo,
nilizianika juu ya bati siku nane
chini ya chandarua kikuukuu,
na bado ndege walipata mgao.
Zimeshakaangwa na jua, hazidaiwi moto mwingine.

Kisha makopo: ya siagi, ya kahawa, ya jemu.
La bibi yako wa Handali nalitwanga, meno hana;
ananyunyizia uji
na kuwaambia wageni ni dawa ya magoti.
La fundi Masima, aliyenijazia upepo mwezi mzima
asinidai hata mia.
Na moja nililiweka kizingitini kwa mama Chilewa.
Toka siku ya maganda hatukuwa na salamu,
hata bombani tulipishana ndoo kwa ndoo, kimya.
Nilibisha hodi nikakimbia kabla hajafungua,
mimi, na miaka yangu hamsini na miwili.

Kopo likarudi Jumatano.
Limeoshwa, lebo imebanduliwa,
limejaa mlenda mkavu, uliotwangwa laini,
na juu yake kipande cha daftari:
"Ukipepeta, pepeta alfajiri.
Upepo unakuwa bado umelala."

Hicho nacho ni kipimo, mwanangu.
Kiandike juu kabisa, kabla ya mtama.

Na chumvi. Nilisahau chumvi.
Ya kubana kwa vidole viwili.