Vyumba Ishirini na Vitano

Jedwali langu lina vyumba ishirini na vitano.
Athari inapanda ngazi tano,
uwezekano unatambaa hatua tano,
na vinapokutana ndipo ninapotakiwa
kuulaza usiku mzima wa mkoa huu.
Kijani, manjano, chungwa, nyekundu.
Saa kumi alasiri mkuu wa mkoa anataka rangi.

Nje, Arvaiheer, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Chai ya maziwa na chumvi imeganda
ndani ya kikombe nilichokisahau dirishani.

Huku kuna majina ambayo jedwali halina nafasi nayo.
Dzud nyeupe: theluji imeyazika malisho.
Dzud nyeusi: theluji haikuja, mifugo haina cha kulamba.
Dzud ya chuma: theluji iliyeyuka mchana mmoja, kwa hila,
ikaganda usiku, mlango wa nyasi ukafungwa
na baridi ikameza ufunguo.
Bibi yangu aliyataja kwa sauti ya chini
kama mke amtajaye mkwewe.
Mimi huandika: Ukali, 4.

Mwaka juzi niliandika tano.
Nyekundu, kutoka Bogd hadi Taragt.
Dashnyam akauza kondoo arobaini kwa bei ya kutupa,
kisha baridi ikapita kwa upole
kama mgeni mwenye haya.
Tangu hapo akinikuta sokoni huniuliza
kondoo wake wanaendeleaje.
Simlaumu. Simjibu pia.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema waliosema,
ila hawakutaja bei yake,
wala nani hulipa hatari isipotokea.

Mwaka jana, kwa kuliogopa lile swali la sokoni,
niliandika tatu.

Mwezi wa nne lori la wilaya lilikuwa bado linazunguka
likiokota mizoga.
Nilitia saini stakabadhi za mafuta.

Jana nilikwenda mwenyewe, na dereva Choijil.
Mtarimbo haukuzama; ulilia.
Tukapasua kipande kwa shoka, nikakipima kwa mkono:
vidole vitatu, barafu tupu, rangi ya chupa.
Mbuzi alikuwa anaparura, anaparura,
pua imechanika, ameacha doa jekundu kwenye weupe,
nyekundu ya kwanza ya msimu huu
ambayo sikuichagua mimi.

Saa tisa na nusu, simu kutoka Ulaanbaatar.
"Una uhakika kiasi gani?"
"Asilimia sabini."
"Basi weka nne. Tano huwatia watu kiwewe."
Sabini ni nini? Ni mbuzi saba wanaoparura
na watatu ninaowaombea niwe nimekosea.

Nikaandika nne. Nikafuta.
Kishale kikapepesa ndani ya chumba kitupu
kama mtu anayetafuta pa kulala.
Nikaandika tano,
na chini, penye mstari wa maelezo mafupi
ambao hakuna anayeusoma, nikaongeza:
*Barafu ni vidole vitatu. Mbuzi hafikii nyasi.
Ghala la Taragt lina marobota mia sita.
Awezaye kuhama, ahame kabla ya Ijumaa.*

Usiku simu ikaita. Dashnyam.
Hakuuliza rangi.
"Vidole vitatu vya nani? Vyako au vya Choijil?"
"Vyangu."
Kimya. Nikasikia mbwa,
nikasikia mlango wa hema la sufu ukikwaruza sakafu.
"Vyako vyembamba," akasema.
"Kwangu hivyo ni viwili.
Hata viwili vinaua."

Akakata
bila kuniuliza habari za kondoo.