Kisu cha Mia na Hamsini

Luanda, siku ya soko, jua halijakaa sawa.
Ong'ang'o ametandaza visu vyake juu ya gunia:
kumi na kimoja, vyote vimekunjwa,
vimelala kama omena waliokosa mnunuzi.

"Chuma cha Ujerumani, Mama Mideva. Mia na hamsini tu."
Namwambia Ujerumani ni mbali,
nauli peke yake ingepita mia na hamsini.
Anacheka. Nami nachuchumaa.

Wengi hutazama bapa, kwa sababu bapa linang'aa.
Mimi naanza na kiungo,
pale chuma kinapokutana na mpini.
Nakifungua, nakiinua kwenye mwanga:
jua likipenya pembeni, kinarudi guniani.
Nashika ncha kwa vidole viwili, natikisa.
Kinachocheza leo mkononi
kesho kitakata kidole badala ya kikonyo.

Cha kwanza kinacheza.
Cha pili kinalia ndani, kama mtu anayetafuna mchanga.
Cha tatu hakifunguki bila kukuvunja ukucha.
Cha nne kimechorwa jina la kampuni, herufi moja imesahaulika,
na nikiminya mgongo wake
kinajikunja kabla ya kuombwa.

"Mama, vyote vimetoka boksi moja!"
"Na sisi tulitoka tumbo moja," nasema,
"tulikuwa sita. Nenda kwetu ukaulize
ni yupi unayeweza kumwachia mlango wazi."

Wapo watakaosema rahisi ni ghali.
Ni kweli. Lakini aliyeitunga hiyo methali
alikuwa na pesa ya kuchagua.
Mimi nina miche arobaini ya parachichi nyuma ya nyumba,
vikonyo nimevikata alfajiri kwa shemeji,
vimo kikapuni, ndani ya gazeti lililoloweshwa,
na havitangoja mwisho wa mwezi.

Kazi yetu inaitwa kubebesha.
Mti unabebeshwa mti
kama mtoto anavyotiwa mgongoni, leso ikakazwa.
Mkato ni mmoja, wa mshazari,
mrefu kama kidole gumba.
Ukikwangua kama anayemenya muhogo
ganda na ganda havitaonana,
na mti hausamehe jeraha lililochanika.

Basi natoa kikonyo kimoja, cha kafara.
Kisu cha saba: mkato wa kwanza safi, wa pili safi,
wa tatu umeparuza.
Chuma hicho hunoleka upesi, husahau upesi.

Cha tisa hakina sura.
Mpini ni plastiki iliyopakwa rangi ya mti,
misumari yake haijakaa mstari mmoja,
kiungo kimelegea kidogo.
Lakini kinakata. Kinakata tena. Mara ya sita
kidonda cha kikonyo bado kinang'aa
kama jicho lililotoka kunawa.
Nagonga bapa kwa ukucha: linajibu.

Natoa mia na ishirini. Ong'ang'o anaapa kwa mamake.
Naongeza kumi.
Anaapa tena, ila kwa sauti ya chini.

Kwa Kisia, fundi wa mageti kando ya reli,
naomba nyundo ya dakika moja.
Anakaza kile kimsumari cha kiungo,
anapuliza vumbi, anakikunja, anakikunjua,
anakataa pesa. Anataka mche.

Leo ni wiki ya tano.
Mpini umeshapasuka, nimeufunga kwa mpira wa baiskeli.
Kati ya miche arobaini
thelathini na mitatu imechipua.
Saba imesimama tu,
imebeba maiti mgongoni.

Nimekaa kizingitini na kinoo,
natema mate, nanoa,
nikijiuliza kama ni kisu
au ni ile jioni mvua ilipotisha
nikaikata ya mwisho mwisho kwa haraka.