Mpima Dagaa Ageuza Boksi

Kazi yangu ni mizani. Mwaloni Kirumba wananijua:
Lugwisha wa mizani ya bluu, isiyokula hata punje.
Nimeona jiwe likizikwa ndani ya gunia,
dagaa wakinyunyiziwa maji alfajiri ili wazidi,
mchanga wa visiwani ukiuzwa kwa bei ya samaki.
Macho yangu yamezeeka kwa kufuata mshale.

Jumamosi Nkwimba karudi na boksi la uji wa oti.
"Tayari kwa dakika moja," limejisifu lenyewe.
Usoni, msichana mwenye meno kama maziwa,
stroberi mbili zinadondoka umande,
na kamoyo kekundu pembeni, kametiwa tiki.
Shija, wa miaka sita, akamaliza pakiti ya kwanza,
akaomba ya pili kijiko kikiwa bado kinywani.

Nikaligeuza boksi. Mazoea ya mkono.
Muuzaji huonyesha uso; mimi huanza na kisogo.

Herufi ndogo, utadhani mayai ya dagaa.
Nikatoka nje kwenye mwanga, nikaketi juu ya jiwe
(nyumba yetu ya Mabatini imeliegemea jiwe hilo
kama mgonjwa na ukuta),
nikasoma, kidole kikitangulia:
pakiti moja, gramu thelathini na tano.
Protini tatu.
Nyuzinyuzi mbili na nusu.
Mafuta, moja na kitu.
Sukari kumi na mbili.

Nikarudia. Kumi na mbili.
Theluthi nzima, na chenji juu.
Ni sawa na mtu aniletee magunia matatu
na moja limejaa mchanga,
ila mchanga huu ni mtamu,
ndiyo maana haulalamikiwi.

Na stroberi je? Niliitafuta kama shilingi iliyoanguka.
Nikaikuta mkiani, nyuma ya chumvi: "ladha ya".
Vile vipande vyekundu ni tufaha lililopakwa rangi.
Nikacheka peke yangu juu ya jiwe.
Huyu bwana, Mwaloni, angetajirika kwa msimu mmoja.

Nikaingia ndani, nikafungua kopo letu la sukari.
Kijiko cha chai, gramu nne, nimekipima mwenyewe.
Kimoja, viwili, vitatu kwenye sahani.
Pakiti ya pili: vitatu tena.
Kikainuka kilima cheupe mezani.
"Njoo uone anachokula mwanao," nikaita,
sauti ya mtu aliyekamata mwizi.

Nkwimba akaja akifuta mikono kwenye kanga.
Akakitazama kilima. Akanitazama mimi.
"Hicho," akasema, "ndicho unachokoroga kwenye chai yako kutwa.
Hicho hujawahi kukipima."

Nikanyamaza
kama mizani iliyoinuliwa
ikakutwa na jiwe chini yake.

Siku hizi anasonga uji wa ulezi kwenye sufuria,
anamwagia nusu pakiti juu, kwa ajili ya amani.
Shija hukunja uso, hula, hulamba karatasi kwa ndani.
Mimi nimefika kijiko kimoja na nusu.
Hiyo nusu inabishaniwa kila asubuhi.

Boksi tupu limekuwa nyumba ya vifaranga.
Msichana na meno yake ameelekea ukutani,
kisogo kimenielekea mimi,
na kifaranga mmoja, yule mwenye doa,
ameanza kudonoa pale pale,
kwenye kumi na mbili.