Kushoto Kwangu

Neville ameshika tochi, na ameishika vibaya:
mwanga unamulika buti zangu badala ya injini.
"Juu kidogo," namwambia. "Kushoto.
Kushoto kwangu, si kwako."
Miaka thelathini na minne ya ndoa
na bado kushoto ni jambo la mjadala.

Nje, Port Augusta inapoa polepole.
Mabati ya karakana yanalia ka, ka, yakisinyaa,
na juu ya nyaya za barabarani
kasuku wa kijivu na waridi wanagombania pa kulala.
Patrol letu limeachama
kama mgonjwa kwa daktari wa meno.

Naanza na hasi. Daima hasi kwanza.
Reli ilinifunza hivyo, miaka ishirini ya taa za ishara,
mwanamke peke yangu katika gengi la wanaume
waliosubiri nichomwe na cheche
wapate la kusimulia.
Wasubiri tu.

Betri mpya ina uzito wa mtoto wa miaka tisa.
Neville anaibeba, anagugumia, anaituliza kwenye trei
niliyoikata mwenyewe kwa chuma cha kitanda kikuukuu.
Waya mwekundu, mnene kama kidole gumba,
naupitisha kwenye tundu lenye mpira usije ukachunika,
nakaza fyuzi, shibiri moja tu kutoka chanya,
napaka grisi.
Mgongo wangu unapiga kelele; siujibu.

Husemwa akiba haiozi.
Aliyesema hakuwahi kuwa na betri.
Iache rafuni mwaka mzima bila kuigusa
uone kama haikufa kimya kimya.

Miaka sita hatujalala nje.
Tangu yule daktari wa Adelaide ahesabu
mara arobaini kwa saa pumzi ya mume wangu inakatika,
akampa barakoa, bomba, na kisanduku kinachovuma.
Mimi nilikuwa nimeshahesabu kabla yake,
gizani, bila mshahara:
koroma, koroma, kimya.
Kimya.
Kisha koroma, na mimi nashusha pumzi kwa niaba yake.

Tulijaribu mara moja, kando ya Ziwa Torrens,
kisanduku kikinyonya betri moja tuliyokuwa nayo.
Usiku kucha yeye alipumua;
alfajiri gari likakata roho.
Tik, likasema. Basi.
Tukangoja hadi saa nane mchana, nzi machoni,
mpaka dereva wa greda akatukuta
tumenuniana kila mtu upande wake wa boneti.

"Na hiki?" Neville ananyoosha kidole.
Rilei. Mlinda mlango.
Injini ikinguruma anafungua, betri zote mbili zinakunywa.
Injini ikizimwa anafunga:
ya kwanza inabaki na chake cha asubuhi,
ya pili inajitumia usiku, mpaka tone la mwisho ikibidi.

Anafikiri. Tochi inashuka tena kwenye buti.
"Kwa hiyo usiku zinalala vyumba mbalimbali."
"Ndiyo."
"Kama sisi."

Kasuku wamenyamaza. Nakaza nati
iliyokwisha kukazwa.

"Washa gari," nasema.
Linawaka. Nahesabu moyoni, na kabla sijafika kumi:
ta.
Mlio mdogo, kama mtu anayebana ulimi kabla ya kusema.
Mita inasoma kumi na tatu nukta nane.
"Zima."
Ta.

Nyuma tumeshatandika godoro, kwa kipimo tu, tulisema.
Anapanda, anavaa barakoa, anabonyeza,
na kisanduku kinaanza kuvuma kwa umeme wake chenyewe.
Macho yake yananitazama juu ya mpira ule mweusi,
mwanaanga mzee mwenye soksi zilizotoboka.
Anapiga godoro mara mbili. Kushoto kwake.

Napanda, mikono yangu bado ina grisi.
Kiganjani imebaki bolti moja.
Sijui ni ya wapi.
Kesho.