Mstari wa Tatu

Verna Tollefsrud, binti wa mpima nafaka,
alizaliwa Duluth, ziwa likiwa limeganda,
mwaka ambao ghala lilipunguza watu
na baba yake akarudi nyumbani na mizani kwapani,
kwa kuwa hakuna aliyemwomba airudishe.
Hayo aliyaandika katika diwani ya kwanza.
Nakala mia tatu. Mia mbili na kumi
zilibaki chini ya kitanda chake; alisema
zinazuia baridi ya sakafu.

Diwani ya pili ilimpa tuzo, na tuzo ikampa
safari za ndege, mvinyo katika vikombe vya plastiki,
mume mwenye sauti nzuri, kisha
nyumba ya watu wawili na bili za mtu mmoja.
Ya tatu haikusemwa na mtu.

Ndipo akaja kutufundisha sisi,
Jumanne jioni, chumba namba 114,
ukuta mmoja na karakana ya kuchomelea vyuma,
ambako cheche ziliruka nje ya dirisha
kila mtu aliposoma jambo la huzuni.
Tulikuwa tisa. Muuguzi wa zamu ya usiku,
mstaafu wa posta aliyejua kuandika barua tu,
pacha wawili wasiosemezana,
na mimi, dereva wa lori la chumvi,
niliyeingia kwa sababu mle ndani mlikuwa na joto.

Hakutufundisha kupaa. Alitufundisha kufuta.
"Moyo," alisema, "una kazi ya kusukuma damu.
Msiutwishe na shairi."
Alivipepeta vivumishi vyangu kama mchele,
akinionyesha kila jiwe.
Nilipoandika theluji nyeupe, aliniuliza
kama sijapata kuendesha juu ya nyingine.
Nimepata. Ya kijivu, ya kahawia, na ile nyeusi
inayoficha barafu kama mdeni anavyoficha uso.
"Basi," akasema.
Sifa yake ilikuwa neno hilo tu.

Machi moja alileta karatasi isiyo na jina.
Mistari kumi na minne: mwanamke
anapima barua za mumewe katika mizani ya nafaka.
Tukanoa kalamu. Nani amwogope asiyekuwapo?
Muuguzi akasema mwisho unajikongoja.
Mimi nikasema: mstari wa tatu unadanganya.
Huyu mwanamke hasamehi;
anataka tumwone akisamehe.

Kimya. Hata karakana, kwa mara ya kwanza, kimya.
Verna akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta,
akaivaa, akaivua tena.
Hakusema, "Ni langu." Alisema,
"Endelea, Leland. Unadanganyaje?"
na kalamu yake ikaandika nilichojibu, chote,
pamoja na kikohozi changu, nadhani.

Miaka sita baadaye diwani ya nne ikatoka.
Niliiagiza, ikafika na pembe iliyolowa.
Ukurasa wa thelathini na moja: mwanamke, mizani, barua.
Mstari wa kwanza. Wa pili.
Kisha nafasi tupu, upana wa kidole,
halafu wa nne.

Jina langu halimo. Sikulitafuta
zaidi ya mara mbili.

Usiku huu nimeegesha lori kando ya njia,
taa za rangi ya machungwa zikizunguka juu ya theluji
ambayo sasa sijui niiite rangi gani,
na nimeweka kidole changu katika nafasi ile.
Kinaenea.