Zamu

Mama hakuacha wosia, aliacha kikaango,
inchi kumi, chuma cha kusubu, kizito kama kinyongo.
Nyumba ilikuwa ya benki, trekta lilikuwa la deni.
Basi tukapatana, mimi na Idella: miezi sita, miezi sita.
Jumamosi ya kwanza ya Mei, Jumamosi ya kwanza ya Novemba,
kwenye kituo cha mafuta cha Cutshaw,
nusu ya njia kati ya bonde lake na bonde langu,
huku Tennessee milimani,
tunakabidhiana chuma ndani ya mfuko wa unga
kama watu wenye jambo la kuficha.

Miaka kumi na tisa sasa.
Dada yangu ni muumini wa mafuta ya nguruwe.
Mimi natia tone la sabuni, ndiyo, nakiri,
na mbingu hazijaanguka.
"Umekivua nguo," huniambia kila Mei,
hupitisha kidole, hukilamba, hunikazia macho.
Nami kila Novemba huisoma zamu yake:
hapa walikaanga samaki wa mtoni,
hapa Dewey aliunguza mayai akakana,
hapa vitunguu, kiangazi kizima,
na pale pembeni palipochubuka, nyanya.
Mama alituonya kuhusu nyanya.
Barua za dada yangu ni mistari mitatu.
Kikaango hakijui kunyamaza.

Novemba hii kilifika kinang'aa.
Kutu hata chembe. Kutu ningeielewa:
kutu ni maji, ni haraka,
ni mtu aliyeitwa mlangoni akasahau.
Hiki kilinata.
Kidole kiliganda kama nzi kwenye gundi,
na ile harufu ya mafuta yaliyochacha,
yaliyopakwa mara moja, kwa uangalifu mkubwa,
kisha yakaachwa yazeekee kabatini.
Dewey alizikwa Mei, wiki moja baada ya makabidhiano.
Miezi sita, na hakuna kilichokaangwa.
Hata yai.
"Unakula?" nikauliza.
"Nakula," akasema, akafunga mlango wa gari.

Nyumbani nikafunga mikono ya shati.
Maji ya moto na sabuni (nisamehe, Idella),
chumvi ya mawe, nusu kiazi kibichi,
nikasugua duara kwa duara
hadi kiazi kikawa cheusi kama soli ya kiatu.
Kisha juu ya moto, unyevu wote utoke,
maana taulo huongopa.
Kisha mafuta, tone, si zaidi.
Paka kama unayependa,
halafu futa kama uliyejuta:
ndivyo alivyosema Mama, akizungumzia chuma tu,
nadhani.
Kifudifudi ndani ya oveni, saa nzima.
Madirisha wazi, moshi, mbwa akakimbilia uani.
Kipoe humo humo, usikiharakishe.
Nilirudia mara nne, mpaka saa nane usiku,
na kila mara weusi ulishuka tabaka moja,
jembamba kuliko ganda la kitunguu.

Kwa hesabu ni changu mpaka Mei.
Jumapili nikakitia kwenye mfuko wake,
nikachukua unga wa mahindi, maziwa ya mgando, mayai sita,
na kopo la mafuta ya nguruwe, ambayo siyapendi,
nikapita Cutshaw bila kusimama.

Alifungua mlango akiwa na vazi la kulalia, saa sita mchana.
Akautazama mfuko.
"Si zamu yangu," akasema.
Nikampita. Nikawasha jiko.
Kikaanza kupata moto polepole, kama kawaida yake,
naye akaja nyuma yangu polepole vile vile,
kabla hakijawa cha kuunguza akapitisha kidole,
akakilamba,
akanyamaza kidogo.

"Sabuni," akasema,
akaenda kutafuta bakuli.